Wakwe Wanakuja na Sufuria Zote Zimejaa Maji

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililisoma mara mbili, kwa hiyo mambo ya serikali kubinafsisha hiki na kile msinihoji sana. Ninachokijua ni bomba la mtaani kwetu hapa Newala.

Zamani bomba lilikuwa la kamati, na ufunguo nautunza mimi. Maji yakitoka mara moja kwa wiki tunashukuru. Uzuri wa kamati, ukipata msiba unanigongea tu, nafungua, hata kama nina tonge mkononi. Ubaya wake nao niuseme, nimeshazeeka, nani atanifunga? Ndoo zilipanga foleni, lakini ya mke wangu haikuwahi kujua foleni ikoje. Ya shemeji yangu pia. Pampu ikiharibika tulikaa vikao mpaka mvua zinyeshe, na zikinyesha nani tena anakumbuka pampu.

Basi bomba likapewa mtu binafsi, mgeni wa mikoa ya bara. Akaja kwangu kwa adabu: "Shikamoo mzee, naomba ufunguo." Nikaitika marahaba, nikampa, nikanuna siku tatu. Akatangaza kwamba kuanzia Jumamosi maji kila siku, anafungua saa kumi na mbili asubuhi, anafunga saa nne.

"Kila siku?" nikamwuliza mbele ya watu. "Mwanangu, hapa Newala. Labda yatoke machozi."

Watu wakacheka. Naye akacheka, akaenda kubadilisha koki.

Jumamosi hiyohiyo wakwe walikuwa wanakuja kutoka Lupaso kumposa binti yetu wa mwisho. Wachumba wawili wa kwanza aliwakataa hata soda hawajamaliza. Huyu wa tatu ndiye kampenda mwenyewe. Mke wangu akaniambia wakwe wakiondoka na njaa, nami nitafute pa kulala.

Saa kumi na mbili maji yakatoka kweli. Sasa, sisi wa huku juu mlimani maji yakitoka hatufikiri, tunajaza. Tulijaza pipa, ndoo, madumu, tukaja kwenye sufuria zote, mabakuli, birika, mpaka chupa ya chai. Saa nne bomba likafungwa. Tukakaa tunahema, tumefurahi, na kuku watatu wamenyonyolewa hawana pa kupikiwa.

"Mwaga sufuria moja," nikasema.

Mke wangu akashika kiuno. "Nimwage maji? Umerogwa?"

"Basi watie kuku humohumo."

"Wakwe wanakuja kula au kuoga?"

Tukajaribu kuyanywa. Kikombe cha sita nikaanza kuona vimulimuli. Nikaenda kuazima sufuria kwa jirani, naye zake zimejaa. Jirani wa pili alikuwa amejaza mpaka kinu. Mtaa mzima chombo kikavu hakuna, isipokuwa kwa mwenye bomba. Zake zimening'inia ukutani zinang'aa, maana ni yeye peke yake aliyeamini kwamba kesho maji yatatoka.

"Shikamoo mzee. Machozi yametoka?"

"Marahaba. Nipe sufuria."

Akanipa mbili na mfuniko. "Zirudi kabla ya saa kumi, nami napika." Mtu binafsi, hata sufuria yake ina saa ya kufunga.

Wakwe wakaja, wakala pilau, wakashiba. Baba mkwe akasema kwao bomba bado la kamati, wanachota bure, tena bure kabisa kwa sababu halitoki kitu. Nikamwambia hapa yanatoka, ila ukifika saa nne na nusu hata uwe na msiba utanawia mate. Tukabishana vizuri tu, mpaka shangazi wa bwana harusi akapita jikoni. Akarudi macho yamemtoka.

"Mama mkwe," akasema, "posa mmeipokea. Tunaomba na madumu mawili ya njiani. Kwetu wiki ya pili sasa."

Binti yangu kasimama mlangoni. Anamjua mama yake. Wakwe ukiwanyima wanaweza kubeba na posa yao. Mke wangu akamtazama binti, akatazama jikoni, akamtazama tena binti.

"Binti mchukueni kwa moyo mweupe," akasema. "Maji, njooni kesho saa kumi na mbili mpange foleni kama wenzenu."

Shangazi akaangua kicheko mpaka kilemba kikamdondoka. "Huyu tumemchukua," akawaambia wenzake. "Mtoto wa mama kama huyu hamwagi kitu."