Kalibri ya Kupelekea Mjomba Kifua

Fomu ya kibali cha bunduki ilikuwa na nafasi ya kalibri moja tu, yaani ukubwa wa mtutu. Baba alikuwa amestaafu kiwandani, na baada ya miezi michache tungerudisha nyumba ya kampuni. Angehamia kijijini kwao, upande wa Kapolowe, akawe mwindaji kama zamani. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo kikuu, kwa hiyo nikaambiwa nijaze fomu.

Kwangu jibu lilikuwa wazi: ishirini na mbili. Ni nyepesi na haisukumi bega, ingawa ni ya ndege tu. Bega la kulia la Baba liliharibiwa na mtambo. Hata shati alivalishwa na Mama. Kalibri kumi na mbili ingempiga teke kila afyatuapo.

"Papa, na vingt-deux, hii ishirini na mbili, utaua kanga kila juma."

"Kanga? Tutaikula na mama yako, mifupa tutapa imbwa. Mujomba yangu nitamupa nini? Manyoya?"

"Umupe paja."

"Paja ya kanga! Kule université banakufundisha nini?"

Kwao, akiangushwa funo au nguruwe mwitu, kifua ni cha mjomba na shingo ni ya chifu. Ndege hana mgawo; aliyemuua anamla. Niliuliza kwa nini kifua kiende kwa mtu ambaye hajawahi kututumia hata salamu.

"Juu ya sababu iko mujomba."

Hiyo si hoja, nikasema. Hata leo sijaiona hoja. Lakini Baba aliendelea, safari hii kwa sauti ya chini: "Miaka yote yenye niko huku Likasi. Nikifika na kanga, batasema nimekuya kula ya kwabo."

Nikaiacha nafasi ya kalibri wazi.

Jumamosi tulikwenda shambani kwa jirani yetu, dereva mstaafu mwenye kalibri kumi na mbili. Akaweka debe juu ya kichuguu, akampa Baba risasi mbili. Ya kwanza ilimkalisha chini. Uso ukamgeuka rangi ya majivu, debe likabaki pale pale.

"Muzee," jirani akasema, "sasa hauko tena kazini. Bega ikivunjika, nani atakulipia dokta?"

Baba hakucheka. Alikuwa anajaribu kuinua mkono, na mkono haukuinuka. Nilijua hoja yangu imeshinda, na sikuufurahia ushindi huo hata kidogo.

"Papa, jaribu kushoto."

Alinitazama kama niliyemtukana. Kisha akahamisha kitako cha bunduki. Risasi ilipita mbali na debe, ila Baba alibaki amesimama, miguu imetanuka, akihema.

Nikaandika kumi na mbili.

Likizo yote iliyobaki, kila asubuhi, alisimama uani na mpini wa jembe begani kushoto, akiwalenga kuku wa Mama. Nami niliketi kwenye ngazi, vitabu vimefungwa, nikimwambia: "Hapana, Papa. Funga jicho lile lingine."