Sajenti Aliyevulia Sare kwa Jirani

Mimi ndiye niliyemtafutia Annonciata kazi ya ushonaji Mbarara, na mimi ndiye niliyempeleka kwa Enid, kwa hiyo lawama zote nilizibeba mimi. Sijutii. Lakini wiki ile ya kwanza nusura tukosane kabisa.

Annonciata alitoka Fizi, Kongo, akiwa na mimba ya miezi mitano. Wanaume waliomchukua mumewe walikuwa wamevaa sare za jeshi, na mpaka leo hajui mumewe alizikwa wapi, kama alizikwa. Mwanawe Gradi alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye zahanati ya Base Camp. Mtoto alipotimiza miaka miwili, mama akapata nafasi kwa fundi aliyeniajiri mimi mjini, naye hakuwa na ndugu hata mmoja wa kumwachia.

Tulianza na kituo kimoja cha kulelea watoto, chenye kuta za rangi rangi. Watoto ishirini walikaa mkekani, kimya, na midoli ilikuwa juu ya kabati wasikoweza kufika. Mimi nilipendezwa na ule usafi. Annonciata akanivuta mkono.

"Batoto mingi hivi, na hakuna hata moya mwenye kulia? Hapa si fasi ya kuacha mutoto, dada."

Basi nikampeleka kwa Enid, mke wa sajenti, anayelea watoto wanne wa watu katika nyumba za familia ndani ya kambi ya jeshi. Langoni, askari aliposogea kutuuliza tunakwenda wapi, Gradi alipiga kelele mpaka akatapika. Enid alitupokea kwa maswali: anakula nini, analala saa ngapi, anaogopa nini.

"Anaogopa basoda," alisema Annonciata.

Enid akamfuta Gradi mdomo. "Mzee yangu iko jeshi. Sasa iko safari, Ijumaa anarudi. Wewe kaa hapa na sisi siku mbili, angalia. Ukikataa, mimi hapana kasirika."

Alikaa siku mbili. Jumatano akamwacha mtoto, maana kazi haingoji. Siku hiyo na iliyofuata alivunja sindano tatu. Ijumaa mchana akainuka kwenye cherehani bila kuomba ruhusa, akatoka. Nikamfuata nikibwata njia nzima kwamba atatufukuzisha kazi sote wawili.

Hatukupitia mbele ya nyumba ya Enid. Tulizunguka nyuma, penye kamba za kuanikia nguo, na hapo tukamwona Sajenti Naboth, mume wa Enid, pande la mtu, amesimama nyuma ya nyumba ya jirani akifungua kamba za buti. Akavua shati la sare, akavua suruali, akabaki na bukta. Akazikunja nguo zote na kuziweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Wanawake waliokuwa wakifua walimcheka.

"Afande, nyumba yako imekufukuza?"

"Iko mutoto ndani," akajibu. Akavaa fulana kuukuu na kandambili, akaingia kwake kwa mlango wa jikoni. Punde tukamsikia Gradi akicheka.

Annonciata aliketi pale pale kwenye majani, akalia. Tangu tufahamiane sikuwahi kumwona akilia. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nikayameza.

Enid akatukuta hapo. Alichutama mbele yake.

"Mama Gradi, mutoto hajui soja. Yeye hajaona vita. Lakini wewe ukiona soja, unamufinya. Anajua mikono yako."

Maneno yale yalimchoma, niliona. Mimi ningekuja juu. Yeye aliondoka nayo, akakaa nayo miezi miwili, na kila jioni alimchukua mwanawe bila kuyataja.

Kisha Jumapili moja akamwendea sajenti mwenyewe, akamwomba aingie ndani na sare yake. Nilikuwepo. Annonciata aliketi mkekani, Gradi mapajani. Sajenti alipotokea mlangoni, na kofia yake kichwani, mtoto hakumtazama yeye. Aligeuka akautazama uso wa mama yake, akautazama kwa muda mrefu mpaka nikaogopa. Annonciata alikuwa akitabasamu huku jasho likimtiririka shingoni. Mtoto akashuka, akaenda akashika kifungo cha suruali ya sajenti, kile cha mfuko wa pajani.

Hapo ndipo nilipoona kwamba Annonciata alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.