Sweta Kwenye Picha ya Timu

Leo nimeunguza kaptura ya michezo ya binti yangu kwa pasi, na harufu ya nailoni imenirudisha jikoni kwetu, kwenye kambi ya wachuma chai.

Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, kwa hivyo nguo tulizikausha juu ya moto. Siku hiyo ilikuwa jezi ya baba, ya timu ya taifa ya mpira wa kikapu. Timu ilikuwa na seti moja tu, na kila mchezaji alitunza yake nyumbani. Baba angesafiri kesho yake alfajiri.

"Chunga hiyo jezi, naenda kuteka maji," mama aliniambia.

Nilitaka ikauke haraka, nikaongeza matawi makavu ya michai. Moto ukapanda, na namba ya kifuani ikayeyuka nikiiona. Nilijaribu kuirudisha kwa vidole. Nailoni ikaniganda, ikanichoma, nami nikaendelea kuvuta hadi jezi ikatoboka kifuani.

"Uwi! Sasa ataenda na nini?" mama alilia mlangoni.

Baba alirudi kutoka kiwandani, akapitisha ngumi kwenye lile shimo. Kisha akasema, "Nipe sweta yangu ya kazi."

Alienda, lakini hakuruhusiwa kucheza, na hawakumwita tena.

Picha ya timu bado iko ukutani kwake. Wote wana namba kifuani isipokuwa yeye. Wageni humuuliza kama alikuwa kocha.

Baba hunitazama vidole vyenye makovu, kisha huwajibu, "Ndiyo, nilikuwa kocha."