Salamu za Ijumaa

Kiingereza changu nilikiokota bandarini, kwenye makaratasi ya mizigo inayotufikia kwa meli kutoka Kigoma. Si kingi, lakini mtaani kwetu Cibitoke wameshanivisha uprofesa, na uprofesa usio na mshahara unachosha.

Kila Ijumaa nikitoka msikitini, miguu ikiniuma, namkuta mama mmoja jirani ameketi barazani kwangu na simu yake, nimsomee ujumbe. Mwanawe alihamia Australia. Siku hizi anayeandika ni mjukuu, ambaye Kiswahili hakijui. Mama anataka jambo moja tu: kujua kama mwanawe bado anamkumbuka.

Ujumbe wenyewe huwa mkavu. Hi. Dad is fine, but busy. He will call soon. Yaani baba mzima, ana kazi nyingi, atapiga simu karibuni. Vijineno hivi vimenichosha kuliko magunia. Busy ni mlango uliofungwa kwa adabu. Soon haina tarehe. Fine huandika hata aliyelazwa hospitali. Na hi, jamani, unamwambia bibi yako? Kwetu ujumbe usio na salamu hausomwi mbele ya mtu mzima; ni kumtukana.

Kwa hiyo salamu nilizitia mwenyewe. "Asalaam aleikum, mama mpenzi. Mwanao anakubusu mikono, anakuombea dua." Mama aliiinamia simu na kuijibu: "Waaleikum salaam, mutoto wangu." Tukaenda hivyo miaka mitatu. Kila Ijumaa niliapa kwamba leo namwambia ukweli, na kila Ijumaa nilimwonea huruma nikanyamaza.

Ijumaa iliyopita kazi ilinikalisha bandarini. Binti wa jirani, aliyesoma Uganda, akamsomea ujumbe kama ulivyoandikwa. Nilipofika nilimkuta mama ameifunika simu kwa kitenge.

"Maneno ni kidogo tu," akasema. "Salamu haiko. Ni we ulikuwa unanisalimiaka?"

"Ni mi, mama. Unisamehe."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilingoja anilaani, na kwa uchovu niliokuwa nao ningeitikia amina. Australia ilimpokonya mwanawe mara ya kwanza, mimi mara ya pili; hivyo ndivyo nilivyojiona.

Mama aliifunua simu. Kisha akaiweka simu chini, akaigeuza kioo kikatazama sakafu, akaniangalia usoni.

"Waaleikum salaam, mutoto wangu," akaniambia.