Fundi Upepo na Kadi ya Mchora Ramani

Mimi si mtu wa kustaajabu ovyo. Nimeshona nguo tangu sijaolewa, nimezaa, nimezika, na redio ya kwanza kuingia mtaani kwetu niliitazama nikasema sawa, imesema. Lakini mke wa mwanangu wa pili amenifunga mdomo, na wanaonijua wanajua hiyo si kazi ndogo.

Mtaani wanamwita Fundi Upepo. Anatibu kompyuta za zamani zinazokufa kwa joto. Ndani ya kompyuta, alinieleza, kuna kibao kinachochora kila unachokiona kwenye kioo, wenyewe wanakiita kadi ya picha. Kikichapa kazi kinapata moto, kwa hiyo juu yake hukaa bati lenye meno kama kitana, na kifeni cha kulipuliza. Feni ikichoka, kadi inaungua. Feni za kadi hizo haziuzwi tena, ndiyo maana anakusanya mizoga ya mashine na kuipanga barazani kwangu mpaka mgeni hana pa kuweka matako.

Asubuhi moja alikuja mzee mchora ramani za nyumba, kastaafu, kaikumbatia kompyuta yake kama mtoto mwenye homa. Michoro yake yote ya maisha imo humo, na inafunguka kwa mashine ile tu. Kadi mpya haziingii kwenye tundu lake. Akiwasha, kioo kinajaa mistari ya rangi, kisha giza.

"Mafundi wenzako wameniambia nitupe," akasema.

"Kutupa hata mimi naweza. Kaa, mzee wangu."

Akaifungua. Feni ikazunguka kidogo, ikalia kama panya, ikasimama. Nikaenda kuchukua chupa yangu ya mafuta ya cherehani.

"Tia tone moja," nikamwambia.

"Mama, mafuta yataipa siku mbili tatu tu. Tundu la kijiti chake limelika, ona linavyocheza."

"Cherehani yangu imekuzidi umri, na inakula mafuta haya haya."

"Cherehani yako inapumzika ukienda kupiga soga. Hii haina shoga."

Mchora ramani akacheka mpaka akakohoa. Nikarudisha chupa yangu nimenuna.

Basi feni ilikuwa tabu ndogo. Tabu kubwa ni lile bati, maana feni haitoki bila bati lake. Kiwandani walikuwa wameligandisha kwa gundi juu ya chipu, na chipu ndiyo moyo wa kadi. Ukilivuta kwa nguvu linang'oka nayo, na hapo michoro ya mzee ndiyo basi tena. Fundi Upepo akaifunga kadi kwenye mfuko wa nailoni, akaukamua hewa, akafungua friza yangu, akailaza juu ya nyama.

"Mgonjwa wa joto unamlaza kwenye barafu?"

"Naitafuta gundi, Mama. Ikipigwa baridi inakauka kama biskuti, inakatika yenyewe."

Tukangoja. Mzee alishika kikombe cha chai mpaka ikapoa. Nikamuuliza, nyumba zenyewe si zipo, zimesimama, analilia michoro ya nini?

"Zilizojengwa naweza kwenda kuzitazama," akasema. "Nyingi hazikujengwa, mama. Wenyewe waliishiwa, wengine walikufa. Hizo hazina pengine pa kuishi."

Nikamwaga chai yake iliyopoa, nikammiminia nyingine.

Kadi ikatolewa. Fundi Upepo akalishika bati kwa vidole vitatu. Hakulivuta, alilizungusha, pole pole, kama mtu anayefungua kichupa cha dawa pembeni ya mgonjwa aliyelala. Likalia: tak. Mzee alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania meza, sijui nilidhani itakimbilia wapi.

"Fumbua, mzee wangu. Chipu iko mahali pake."

Nikainama kuiona. Kijiwe cheusi, hakifiki kifungo cha koti. Nyumba zote zile, na kuta zake na madirisha yake, zinapita hapo!

Akaiacha ikauke jasho la baridi. Akasugua mabaki ya gundi kwa pamba na spiriti, akapaka dawa ya kupitisha joto, nyembamba kama poda usoni mwa mtu mwenye adabu. Katika mizoga ya barazani akapata bati lenye feni nzima, matundu yakalingana. Akalifunga, akawasha.

Sikusikia kitu. Nikadhani imekufa, mpaka nilipoweka kiganja nikaguswa na upepo. Mistari ya rangi haikuja. Tukakaa mpaka adhuhuri ikapita, kioo kikiwa safi, na mzee akifungua mchoro mmoja baada ya mwingine.

"Hii je?" nikauliza.

"Haikujengwa."

"Na hii?"

"Haikujengwa."

Ilikuwa na ghorofa na roshani pana. Mimi ramani siijui kusoma, ila nikamuuliza mlango wake uko wapi.

Akabonyeza, mlango ukafunguka pale kwenye kioo, tukaingia. Tukapita sebuleni, tukapanda ngazi, tukatokea roshani, wote watatu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushuka.