Pasipoti Ambayo Evelina Hakuifungua

Evelina Chenge alifungua steshenari yake Pasiansi mwaka ule ambao wakili aliyekuwa amemwajiri kuchapa barua alihamia Dodoma. Kwa miaka tisa alikuwa amekaa kwenye ofisi ya wakili huyo akichapa viapo, hati za viwanja na madai ya mirathi, na kidogo kidogo lugha ya sheria ilimzoea mdomoni, kama mtu aliyeisomea. Hakuisomea. Alizaliwa Kisesa, akamaliza kidato cha nne, baba yake akafariki, shule ikaishia hapo.

Watu waliokuja kwake kutoa kopi walikuwa hawaondoki haraka. Mtu aliyeletewa barua na serikali ya mtaa aliisogeza mezani na kuuliza, "Mama, hawa wanataka nini kwangu?" Evelina aliipitishia macho mara moja, akamweleza, na mara nyingi alipatia. Wakaanza kumwita wakili. Alikataa jina hilo, lakini alikataa huku anatabasamu.

Mumewe Jonathan, mpakia mizigo uwanja wa ndege, aliwahi kumwambia kwamba anajibu watu haraka mno.

"Kuna foleni," Evelina alimjibu, tena haraka.

Nyumba ya tatu kutoka dukani alipanga kijana mmoja kutoka Rorya aitwaye Okomo, mkata minofu katika kiwanda cha samaki, pamoja na mkewe Roza. Roza alizaliwa Shirati, baba yake Mtanzania. Baba alipofariki, mama yake, Ajwang, aliolewa upande wa pili wa mpaka, Muhuru, akawa raia wa Kenya, na Roza akalelewa na bibi yake mzaa baba. Mama na binti walikuwa wakionana misibani na sikukuu. Roza aliposhika mimba ya kwanza, Ajwang alisema safari hii lazima aje mwenyewe.

Alipita Sirari tarehe tatu Februari. Afisa wa dirishani alimuuliza atakaa muda gani. Ajwang akamwambia ukweli: mwezi mmoja. Binti anajifungua, yeye atamkanda, atampikia uji, kisha atarudi kupalilia mahindi yake. Afisa akagonga muhuri, akaandika kwa kalamu "mwezi 1", akamtakia safari njema.

Uzazi haukwenda kama Ajwang alivyoupanga. Roza alipasuliwa. Mtoto, wa kike, alitoka salama wakamwita Odeta, lakini kidonda cha mama kiligoma kufunga. Kilitoa usaha. Akarudishwa wodini, akasafishwa, akaruhusiwa, akarudishwa tena. Hakuweza kunyanyua ndoo wala kuinama kwenye beseni. Ajwang ndiye aliyemwogesha mtoto, aliyemwogesha Roza, aliyepika, aliyepanda mlima wa mawe na maji kichwani. Mwezi ulipokaribia kwisha, hakuna aliyewaza kwamba anaweza kuondoka.

Ijumaa ya mwisho ya Februari Okomo aliingia dukani kwa Evelina na pasipoti ya mama mkwe mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Bado, dada. Kidonda bado. Sasa nilitaka nikuulize. Mama alipewa siku pale mpakani, sijui zinahesabiwaje. Lazima aende uhamiaji?"

Wiki ile ile Evelina alikuwa amemchapia mfanyabiashara mmoja wa Uganda karatasi kutoka mtandaoni iliyosema kwamba raia wa nchi za Afrika Mashariki wanaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Jibu lilikuwa tayari.

"Mama ni Mkenya, si ndiyo? Basi hana shida. Ana miezi sita. Ameingia Februari, mhesabie mpaka Agosti."

Okomo alikuwa ameshaifungua pasipoti kwenye ukurasa wenye muhuri. Akaisukuma juu ya meza. "Lakini hapa wameandika kitu."

"Huo ni muhuri tu wa kuingia," Evelina alisema, macho yake kwenye kompyuta. "Sina haja nao. Sheria ndiyo hiyo niliyokwambia."

Okomo akafunga pasipoti, akashukuru, akaenda zake. Siku hiyo walilala na amani nyumbani kwake, na amani hiyo ilidumu hadi katikati ya Juni.

Tarehe kumi na saba Juni, Ajwang alipanda basi la asubuhi kwenda kwake Muhuru. Jirani alikuwa amempigia simu kwamba mvua imeangusha ukuta wa jiko. Alikusudia kukaa siku tano na kurudi, kwa sababu kidonda cha Roza kilikuwa kimeanza kuuma upya. Mbele kidogo ya Kisesa basi lilisimamishwa. Maafisa wawili waliingia wakakagua vitambulisho kiti kwa kiti. Walipofika kwake, mmoja alifungua pasipoti, akaangalia, akamwonyesha mwenzake. Wakamwomba ashuke na mzigo wake. Abiria walimtazama kupitia madirishani mpaka basi lilipoondoka.

Saa nane mchana Okomo alisimama mlangoni kwa Evelina, bado kavaa magambuti meupe ya kiwandani. Hakuamkia.

"Dada Evelina, ulisema miezi sita."

"Kuna nini?"

"Mama wamemshusha kwenye basi. Yuko uhamiaji, mjini. Wanasema aliandikiwa mwezi mmoja. Amezidisha siku mia moja na sita."

Wateja wawili walikuwa dukani. Okomo aligeuka, akaondoka.

Evelina alifunga duka. Kwenye kompyuta alitafuta ile karatasi ya Mganda, akaisoma polepole, neno kwa neno. "Wanaweza kuruhusiwa." "Hadi." Alikuwa ameyaruka maneno hayo yote, akabaki na sita.

Nyumbani alimsimulia Jonathan. Jonathan aliacha kula.

"Pasipoti yenyewe uliiona?"

"Alinifungulia. Aliiweka mbele yangu."

"Ukasoma?"

"Kesho nakwenda uhamiaji," Evelina alisema. Jonathan alinawa mikono. Akamwambia asiende huko. Alisema yule mama si ndugu yao, na mtu anayejipeleka mwenyewe mbele ya sheria kusema alitoa ushauri asio na kibali cha kuutoa, anaweza kuunganishwa kwenye kesi. "Okomo hajakutaja. Angetaka kukutaja angeshakutaja."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kwamba hajatajwa.

Asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, akaenda. Ajwang alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, miguu imevimba, mkoba wake na mfuko wa dagaa aliokuwa akiupeleka nyumbani viko pembeni yake. Okomo alisimama karibu naye. Hakuonyesha kushangaa kumwona Evelina, wala kufurahi.

Afisa aliyekuwa na faili alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Kija, mwenye sauti ya chini. Evelina aliomba kuzungumza.

"Afande, mimi ndiye niliyewaambia miezi sita. Hawa walikuja kuuliza kabla siku hazijaisha. Walitaka kuja kwenu. Mimi ndiye niliyewarudisha nyumbani."

"Wewe ni wakili?"

"Hapana, afande. Nina steshenari."

Kija akafungua pasipoti ya Ajwang na kuigeuza ielekee kwa Evelina. Mwandiko ulikuwa wazi kabisa. Hata mtoto wa shule ya msingi angeusoma.

"Sheria inaweka kikomo cha juu," Kija alisema. "Inasema mgeni wa aina hii asipewe zaidi ya hapa. Haisemi kila anayeingia apewe zote. Siku za mgeni ni hizi alizoandikiwa, na zinaanza kuhesabiwa siku aliyoingia. Huyu mama aliomba mwezi, akapewa mwezi. Akiona hautoshi, anakuja kabla haujaisha, anaeleza, analeta vyeti vya hospitali."

"Angeongezewa?"

"Siwezi kusema angeongezewa. Nasema angesikilizwa."

"Na sasa, afande? Kosa si lake."

"Pasipoti ni yake," Kija alisema. Hakusema kwa ukali. "Mimi siwezi kuandika kwamba siku hizi mia moja na sita ni zako."

Aliandika maelezo ya Evelina kwenye karatasi, akamsainisha, akamwonya asirudie kuwashauri watu mambo ya uhamiaji. Kisha akaingia kwa mkubwa wake. Walikaa kwenye benchi wote watatu kwa saa nzima. Evelina ndiye aliyeanza kusema.

"Mama, nimekukosea. Nisamehe."

Ajwang alikuwa akitazama ukuta wa mbele. "Siku ile Okomo alipokuja," aliuliza, "dukani kulikuwa na watu wengi?"

Evelina angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jambo dogo, lisilothibitika. "Hapana, mama. Nilikuwa peke yangu."

Ajwang alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya kitu asichoweza kununua, akarudisha macho ukutani.

Uamuzi ulipokuja haukuwa mbaya kama walivyohofia. Vyeti vya hospitali alivyoleta Okomo viliangaliwa, na pengine hata karatasi ya Evelina ilisomwa. Ajwang hakupelekwa mahakamani. Alipewa siku saba awe ametoka nchini, na akaambiwa kwamba kosa lake limeingizwa kwenye kumbukumbu. Akitaka kurudi Tanzania, aombe ruhusa kwanza na asubiri ajibiwe ndipo asafiri.

"Nitasubiri muda gani?" Ajwang aliuliza.

Kija alisema hawezi kumwahidi tarehe.

Siku ya sita aliondoka. Roza hakuweza kumsindikiza hata mpaka barabarani. Alisimama mlangoni amejishika tumbo, Odeta begani mwa Okomo, na Ajwang akamwelekeza kwa mara ya mwisho namna ya kumlaza mtoto bila kukaza misuli ya kidonda. Waliongea Kijaluo. Evelina, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, hakuelewa maneno, lakini aliona Ajwang akirudi mara tatu kutoka njiani kuongeza jambo alilosahau.

Kuanzia kesho yake Evelina alikwenda kwa Roza kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Alichota maji, akafua nepi, akamwogesha mtoto. Roza alimruhusu. Alimsogezea beseni, alimwonyesha sabuni ilipo, alisema asante. Zaidi ya hapo hakusema. Mara moja tu, Evelina akiwa anaanika, Roza aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huko Sirari huwa wanawakumbuka watu? Yule aliyemwandikia mwezi, akimwona tena, atamkumbuka?"

"Sijui, mdogo wangu."

"Siku hizi unasema hujui," Roza alisema. Hakukuwa na kejeli ndani yake, na ndiyo maana ilimwingia.

Wiki ya tatu kidonda kilifunguka tena. Roza alilazwa siku nne, Okomo akaomba ruhusa kazini, akaongeza siku, na kiwanda kikamweka mtu mwingine mezani pake. Roza alipotoka hospitali alimwambia Evelina asije tena. Alimwambia kwa heshima, akiwa amekaa kitandani. Walikuwa wameamua yeye na mtoto wamfuate mama Muhuru mpaka apone, kwa kuwa mama hawezi kuja. Ilibaki kutafuta cheti cha kuzaliwa cha Odeta na hati za kusafiria.

"Niletee niwachapie fomu," Evelina alisema. "Nitasoma kila mstari. Kila mstari, Roza."

"Nitamwambia Okomo."

Dukani watu waliendelea kuja. Teodora, mwenye nyumba ya wageni karibu na uwanja wa ndege, alileta simu yenye picha ya viza ya Mjerumani aliyekuwa kwake. Alitaka kujua kama yule mgeni anaweza kukaa mpaka ile tarehe iliyoandikwa mwisho wa viza.

"Muhuri wa kuingia uko wapi?" Evelina aliuliza.

"Si viza hii hapa? Tarehe si hii?"

"Hiyo ni viza. Siku za kukaa ziko kwenye muhuri. Na ukiuona muhuri usiulete kwangu, mpeleke mwenyewe uhamiaji akaulize."

"Ah, mama wakili, na wewe! Nieleze tu kwa kifupi."

"Usiniite hivyo," Evelina alisema. Teodora alicheka, kisha akaona kwamba hatanii, akachukua simu yake.

Okomo hakuja Jumatatu, wala Jumanne. Jumatano asubuhi Evelina alikuwa akiweka karatasi kwenye mashine alipomwona anateremka barabarani, bahasha ya kaki mkononi. Akasogea karibu na mlango. Akaondoa vitu vilivyokuwa juu ya meza ili pawe na nafasi ya kutandaza nyaraka.

Okomo alipofika usawa wa duka alisimama, kama anayetaka kuvuka. Alitazama ndani. Macho yao yalikutana, naye akainamisha kichwa, salamu ambayo kijana humpa mkubwa wake. Kisha akaendelea kushuka, akapita kinyozi, akapita genge la nyanya, mpaka kwenye steshenari nyingine iliyofunguliwa mwaka huo karibu na kituo, akaingia humo.

Evelina alisimama pale mlangoni mpaka mteja nyuma yake alipomwambia kwamba karatasi imekwama kwenye mashine.