Kigoda cha Mlangoni

Mama yangu aliwatambua watu kwa miguu. Ukimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku macho yake yako kwenye kandambili zako, kisha akakutaja jina bila kukosea. Miaka ya kupandikiza na kupalilia mpunga bondeni ilikuwa imemkunja mgongo hata kuinua uso ikawa kazi. Wajukuu walicheka, naye akacheka nao. Mimi peke yangu aliniambia, "Natamani siku moja nikomunike huku namwona padre usoni."

Na mimi, bintiye, nilikuwa mwalimu wa yoga. Hapahapa Ifakara. Cheka tu, wenzako walishacheka.

Nilijifunza usichanani, kwa mpangaji wetu, mama wa kigeni aliyekuja mjini kikazi. Kila asubuhi alitandika mkeka barazani, akajikunja, akajinyoosha, na mwisho akalala chali, kimya, mikono ubavuni. Siku ya kwanza mama yangu alidhani mgeni ameanguka, akaja mbio na kopo la maji akammwagia. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kesho yake nikaomba kufundishwa. Mgeni alinipa yote aliyoyajua, akasisitiza moja: zoezi lisiloishia kwa kulala chali halijakamilika. Nililishika kama katekisimu.

Baada ya kuzaa na mwili kurudi, nikaanza kuwafundisha wanawake wenzangu sebuleni kwangu Kibaoni. Wapo waliosema naabudu miungu ya watu. Niliwaambia waje tuanze na rozari, hawakuja. Masika ikifika, darasa zima lilihamia mashambani, nami nikabaki nimenuna na mikeka yangu hadi mavuno. Hasira zangu hazijawahi kukaa mbali.

Msimu wa mashamba ukiisha, mama naye alikuja. Alibeba kigoda chake, akakiweka mlangoni, akakaa kututazama mpaka mwisho.

"Mama, njoo ulale kidogo, mgongo upumue," nilimwambia.

"Nilale chali katikati ya sebule, mchana kweupe, watu wamenizunguka? Unanitafutia msiba wewe."

Kwetu hivyo ndivyo maiti anavyolazwa akisubiri jeneza, na mama alikuwa amekaa kwenye mikeka mingi ya misiba. Hata wanafunzi wangu wengine walilala jicho moja wazi. Nilimbembeleza, nikanuna, nikambembeleza tena. Siku moja akauliza, "Hakuna yoga ya mtu aliyekaa?" Nikamjibu hakuna. Sikumdanganya. Sikuijua.

Alifariki wakati wa masika, shamba likiwa bado na maji. Wanawake waliomwosha walimlaza chali mkekani, mgongo ukakataa kunyooka, ikabidi wakunje khanga na kumwekea chini ya kichwa. Nilisimama pale nikatazama pozi lile nililomwomba miaka yote. Kwa muda mrefu baada ya hapo sikutandika mkeka.

Kisha magoti yangu yakaanza kulia kama bawaba za mlango wa zamani. Kijana mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, alinikataza kukaa chini, akanivutia kiti. Akanionyesha: vuta pumzi, inua kifua, fungua mabega, acha uso upande polepole. Uso wangu ulipopanda nikaanza kulia. Yule kijana akadhani ameniumiza, akaomba radhi.

Siku hizi nafundisha wazee wa kike kule Mlabani, kwenye viti vya plastiki. Juzi alikuja bibi mmoja, ukoo wao ulihamia bondeni na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa. Alisimama mlangoni kwanza.

"Mwanangu, nimesikia huku mnalala kama wafu."

"Hatulali, mama. Karibu kiti."

Akakaa. Akainua kifua kidogo, kisha kidogo tena, mpaka akaniona usoni. "Kumbe wewe nawe umezeeka," akasema, na darasa likaangua kicheko. Nilicheka nao, halafu nikasingizia chai nikaenda uani.

Sisemi mgongo wa mama ungenyooka. Mpunga ulikuwa umeshachukua chake. Lakini padre wetu alikuwa mfupi, na mama alihitaji kuinuka kidogo tu. Na miaka yote ile alikuwa darasani kwangu, pale mlangoni, ameshakaa.